Mkwe wa Njia Namba Tisa

Tangazo alilibandika mwenyewe. Asubuhi ofisini walimpa karatasi na gundi, wakamwambia aliweke kwenye kioo cha mbele, upande wa mlango, ili kila anayepanda alisome kabla hajakaa. Dereva alilisoma mara mbili, akacheka peke yake ndani ya basi tupu. Njia Namba Tisa, kutoka mjini hadi mwisho wa lami, ingesimamishwa kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao kutokana na uchache wa abiria.

Uchache wa abiria. Yeye aliyeendesha basi lile miaka mitatu alijua nani anakoroma, nani ana kichefuchefu akikaa nyuma, nani hawezi kukaa na nani tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Basi lilikuwa na viti thelathini na tano, na siku za kliniki wanaobaki wamesimama walikuwa wakifanyiwa mzaha hadi mjini.

Alipofika mwisho wa lami, watu walikuwa wamejipanga kama kawaida, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa mama mkwe wake, kitambaa kichwani, mkoba wa hospitali kwapani. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mama huyu alikwenda hospitali kuunganishwa kwenye mashine inayosafisha damu, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimeacha kazi hiyo. Dereva alimwamkia, naye akaitikia, akapita.

"Hiki nini tena, mkwe?" aliuliza, akikitazama kioo.

"Karatasi tu, mama. Kaa, tutaongea."

Lakini nyuma yake alikuwa mwalimu mstaafu, ambaye hawezi kupita mbele ya maandishi bila kuyasoma kwa sauti. Akalisoma lote, na palipokosewa akapasahihisha. Mama Mayai akapakata trei zake za mayai na kusema, "Uchache? Basi hawa wanaonikanyaga kila siku ni vivuli?"

Watu wakacheka. Mzee wa Redio, ambaye naye alikuwa wa mashine ya damu, kiti chake hospitalini kikiwa pembeni ya kile cha mama mkwe, akapunguza sauti ya redio yake, jambo asilolifanya hata taarifa ya habari ikisema vita. "Mkwe," alisema, "hao wakubwa zako wamekosea namba. Waambie waje wahesabu."

Wote walimwita Mkwe. Alianza mama mkwe, wengine wakadaka, na sasa hata vijana aliowapita umri kidogo tu walimwita hivyo. Hakukuwa na jina alilolipenda zaidi.

"Nitawaambia," alisema, akatia gia.

*

Meneja wa usafiri wa halmashauri alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi, na ofisi yake ilikuwa na feni inayozunguka upande mmoja tu. Hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha kiti, akamsukumia karatasi zilizotoka kwenye mashine ya tiketi.

"Soma mwenyewe. Usiseme nimekuonea."

Dereva akasoma. Safari ya asubuhi, abiria saba. Abiria sita. Abiria saba. Siku ya mvua, watatu. Mwaka mzima uliopita, saba, sita, saba.

"Bosi, basi linajaa."

"Linajaa nini, upepo? Mafuta ya kilomita hamsini na mbili kwenda, hamsini na mbili kurudi, kwa watu saba. Huku watu wa viwandani wananipigia kelele kila siku hawana basi. Mimi nifanyeje?"

Ndipo ikamfikia, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye nguo. Hao saba aliwajua. Walikuwa vijana na wafanyakazi, wale wanaolipa nauli. Waliobaki walikuwa wazee na wagonjwa, na hao yeye hakuwahi kuwabonyeza kwenye mashine.

Sheria ilikuja pamoja na mashine ya tiketi, siku makondakta walipoondolewa na dereva akaachiwa kila kitu. Mzee wa miaka sitini na zaidi, na mgonjwa mwenye kadi ya hospitali, wapande bure. Ila waonyeshe kitambulisho, dereva aandike namba kwenye mashine, itoke tiketi yenye sifuri. Siku ya kwanza kabisa aliyetangulia mlangoni alikuwa mama mkwe. Sasa, mtu umemchukua binti wa watu, umekula kwake, umelala kwake, halafu usimame mbele ya kijiji kizima umwambie toa kitambulisho nikuhakiki? Alimwambia, "Pita, mama." Nyuma yake alikuwa Mzee wa Redio. Ukishamwambia mmoja pita, huyu unamwambiaje subiri? Mama mkwe akapita, wazee wakapita, wagonjwa wakapita. Kesho yake hivyo hivyo. Na kuandika namba zile kulikula dakika nzima kwa kila mtu, wakati muda wa kufika mjini ulikuwa ukipimwa.

"Au kuna kitu hujaniambia?" Meneja alivua miwani. "Maana mwenzako wa Njia Namba Nne nilimwachisha kazi kwa abiria wawili tu wasio na tiketi. Wawili. Ajali ikitokea, asiye na tiketi bima haimjui, na anayekwenda jela ni mimi."

Dereva aliitazama feni. Alikuwa na binti wawili shuleni, na mke aliyekuwa akishona sare za watoto wa wenzake chini ya balbu moja.

"Hakuna kitu, bosi."

"Haya. Ijumaa nitapanda huko juu niongee na watu wako. Wasije wakasema tumewavizia."

*

Nyumbani mjini, mkewe alikuwa na pini mdomoni na sketi ya mtu mezani. Alizitoa pini moja moja, ili aweze kugomba vizuri.

"Kwa hiyo umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wana karatasi zao."

"Karatasi. Wewe huna mdomo? Mama yangu akikosa mashine siku tatu anavimba miguu, akikosa wiki tunaanza kuulizana nani ana namba ya mwenye turubai. Unataka apande pikipiki? Akitoka kule anatetemeka, hata kikombe hakishiki."

"Anaweza kuja kukaa hapa."

Mkewe alikitazama chumba, cherehani, vitambaa, makochi mawili, mlango wa chumba cha mabinti uliokuwa haufungi vizuri kwa sababu ya begi nyuma yake. Hakuwa akikataa, alikuwa akipima.

"Mama hatakubali. Ana nyumba yake, ana kuku wake, ana watu wake. Hapa ataongea na nani, na mimi ninayehesabu vifungo?" Akaichukua sketi tena. "Ongea nao vizuri, baba watoto. Wewe watu wanakupenda, huwa hushindwi na watu."

Alitaka kumwambia. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lakini alijua sura atakayoiona, akaenda kuoga.

*

Ijumaa jioni, saa kumi, watu walikaa kwenye darasa la shule ya msingi, wakubwa wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Wagonjwa walikuwa wametoka mjini saa hiyo hiyo na uchovu wao. Meneja alikaa kwenye meza ya mwalimu. Dereva, kwa kuwa ndiye aliyemleta, alisimama mlangoni, na kila aliyeingia alimpiga bega: Mkwe, leo watakoma. Mkwe, tuachie sisi.

Meneja alieleza, wakamsikiliza kwa adabu. Kisha kukawa na vurugu ya watu kuongea wote pamoja.

"Basi linajaa, mama. Mimi mayai yangu yamevunjika mara ngapi?"

"Mimi nimesimama hadi mjini wiki jana, na miguu hii."

"Sawa," alisema Meneja. "Nani alipanda Jumatatu? Anyooshe mkono."

Mikono ikapanda kwa furaha, kama ya wanafunzi wanaojua jibu. Meneja akahesabu kwa kalamu, akarudia. "Thelathini na mmoja." Akaangalia karatasi yake. "Mashine yangu inasema saba. Thelathini na mmoja na saba. Mmoja wetu hapa hajui hesabu." Hakuwa amekasirika, alionekana mtu aliyeona mlango ukifunguka na anataka kweli kuingia. "Kama kweli mlikuwa thelathini na mmoja, basi hili siliondoi. Nawaapia. Nani ana tiketi yake ya Jumatatu? Hata iliyokunjwa. Nani alipewa tiketi?"

Mikono ilibaki juu lakini macho yakaanza kutembea. Mama Mayai alimtazama mwalimu mstaafu. Mwalimu mstaafu alielewa kabla ya wote, maana alikuwa mtu wa hesabu. Alifungua mdomo, akaangalia mlangoni alikosimama dereva, akaufunga.

Mama mkwe ndiye aliyesimama. Ilimchukua muda, akishika dawati kwa mkono wenye bandeji.

"Mama meneja, utusamehe," alisema. "Watu wa huku wakiona mgeni wanapenda kunyoosha mikono. Mimi mwenyewe nimenyoosha, na Jumatatu sikwenda popote. Nilikuwa na homa."

Akakaa na kuushusha mkono wake mapajani. Mzee wa Redio akaushusha wake. Kisha Mama Mayai, kisha yule wa miguu, mmoja mmoja, bila kutazamana, mpaka ikabaki mikono ya wale wanaolipa.

"Saba," alisema Meneja. Alivaa miwani yake. "Mmenipotezea jioni."

Dereva alikuwa hatua nne kutoka kwenye ile meza. Miguu yake ilikuwa mizima, ulimi wake ulikuwa mzima. Kilichohitajika ni sentensi moja, na alikuwa nayo tangu Jumatatu, ameipanga, ameipiga pasi. Akasogea pembeni ili watu wapate nafasi ya kutoka. Walipompita walimpiga bega tena, taratibu zaidi, kama mtu anayefungia siri kwenye mfuko wa mwenzake.

*

Mama mkwe alihamia mjini Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kuku aliwagawa. Godoro lake lilifungwa nyuma ya gari ya kukodi, na dereva, aliyekuwa mapumzikoni, alikaa naye kiti cha nyuma. Njia ilikuwa ile ile aliyoijua shimo kwa shimo, ila sasa alikuwa abiria.

"Mama," alisema walipopita shule, "ile siku ulinisitiri. Sijakushukuru."

"Usinishukuru. Ningefanyaje? Miaka mitatu umetubeba bila senti, umejitia hatarini kwa ajili ya wazee wasio na mbele wala nyuma, halafu mimi nisimame nikuumbue? Mkwe wangu mwenyewe?" Akatabasamu. "Watu wote waliwaza vile vile. Tulikubaliana hata bila kukubaliana. Bora basi liende kuliko mtoto wa watu akose kazi kwa wema wake."

Pengine angenyamaza hapo, na habari ingeishia hapo, na yeye angebaki mkwe mwema mpaka siku ya kuzikwa. Lakini alikuwa amenyamaza sana mwezi ule.

"Hazikuwa senti zangu, mama."

"Najua. Zilikuwa za serikali. Ndiyo hatari yenyewe."

"Hapana. Hazikuwa za mtu. Sheria ilisema nyinyi mpande bure. Wazee wote, wagonjwa wote. Tangu siku ya kwanza. Mimi nilitakiwa kuandika namba zenu tu, itoke tiketi, mhesabiwe. Ilikuwa haki yenu."

Mama mkwe aligeuka akamtazama. "Bure kwa sheria?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukutuambia?"

Angesema ni heshima, kwamba hakuweza kumdai mama mkwe kitambulisho mbele za watu, na hilo lingekuwa kweli ya siku ya kwanza. Lakini siku ya pili, ya kumi, ya mia tano? Kweli ya siku hizo ilikuwa kwamba watu walipanda wakimwambia Mungu akuzidishie, Mkwe. Kwamba Mama Mayai alimwekea mayai mawili kila Ijumaa. Kwamba kijijini aliingia kama bwana harusi. Mtu akipewa tiketi yenye sifuri anaishukuru halmashauri. Akiambiwa pita, anamshukuru dereva.

"Sifa zilikuwa tamu, mama," alisema.

Mwenye gari aliwasha redio, labda kwa aibu. Walikuwa wameshaingia kwenye barabara ya viwandani mama mkwe aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei, "Kumbe hukuwa unatupa kitu."

*

Nyumba ilijaa. Mabinti walihamia sebuleni, cherehani ikahamia kibarazani, na majirani waliokuja kumpokea mgeni walikunywa chai wakamsifu dereva kwa kumtunza mama mkwe, maana si wanaume wote. Mama mkwe aliitikia, "Ni kweli, ana moyo," na hakusema zaidi, si kwa majirani wala kwa binti yake. Dereva alingoja amshitaki. Alingoja wiki ya kwanza, wiki ya pili. Angalau angegombezwa. Mama alimshukuru kwa chakula, alimwuliza habari za kazi, na hakuwa akiketi sebuleni mkwe wake akiwepo.

Kazi yake sasa ilikuwa viwandani, safari nane kwa siku, watu wasiosalimia, kila mmoja akilipa na kupewa karatasi yake. Hakumruka hata mmoja.

Wiki ya tatu, Jumatano, mama mkwe alirudi kutoka hospitali kwa miguu, mtaa mmoja tu siku hizi, akakaa kibarazani pembeni ya binti yake. Dereva alikuwa ndani, akifunga viatu kwa zamu ya mchana.

"Kile kiti cha pembeni yangu leo wamemweka mtu mwingine," alisema mama.

"Mzee wa Redio je?" aliuliza binti.

"Wiki ya kwanza alikuja kwa pikipiki mara mbili. Mara ya pili alianguka akirudi, akaumia huu mkono wanaochoma sindano. Wiki ya pili hakuja. Nimemuuliza nesi, akasema wanaongoja ni wengi, kiti hakiwezi kukaa wazi." Akanyoosha miguu. "Nimempigia mwalimu. Anasema alizikwa Jumapili."

Cherehani ilinyamaza. "Jumapili? Mbona hatukuambiwa, mama?"

"Wangeniambia ili iweje? Ningefikaje?"

Ndani, dereva alikuwa ameshika kamba ya kiatu. Akaifungua, akaifunga upya, kisha akatoka na kusimama mbele yao, akamwambia mkewe yote: mashine, sheria, namba, sentensi moja aliyoshindwa kuisema darasani. Alisema akimtazama mkewe, kwa sababu kumtazama mama hakuweza. Mkewe hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Mama alijua?"

"Alijua baadaye."

"Nenda kawaambie huko ofisini," alisema mkewe. "Si kwa ajili yetu. Kule bado kuna watu."

*

Meneja alimsikiliza bila kumkatiza. Dereva alisimama, hakukubali kiti. Alikuwa amekuja na kitambulisho chake cha kazi mkononi, akakiweka juu ya karatasi za Meneja.

"Wangapi wasio na tiketi kwa safari?" aliuliza Meneja.

"Ishirini na tano. Thelathini siku za kliniki."

"Wote wana haki ya kupanda bure."

"Karibu wote."

Meneja alifunga macho kidogo. Halafu alifungua droo, akatoa faili, akalirudisha bila kulifungua. "Bajeti imepita tarehe kumi. Basi lenyewe unaliendesha wewe, lipo viwandani, wenye viwanda wamechangia mafuta ya mwaka mzima. Ungeniambia siku ile hapa, kwenye hiki kiti, ningekufukuza kazi, kweli ningekufukuza, na Njia Namba Tisa ingekuwepo. Leo nikikufukuza nimepata nini? Nimekosa njia na nimekosa dereva."

"Andika hata barua, bosi. Waambie zilikuwa namba za uongo."

"Nitaandika. Watajibu mwakani, waseme tuhesabu upya. Tuhesabu nini? Basi halipo." Akakisukuma kile kitambulisho mpaka ukingo wa meza, upande wa dereva. "Nani mwingine anajua?"

"Wote."

"Wote kina nani?"

"Watu wote wa kule. Walijua tangu ile Ijumaa darasani."

Meneja alimtazama, na dereva akaona anaikumbuka ile mikono ikishuka, mmoja mmoja.

"Na hakuna aliyesema."

"Hakuna."

"Basi walikupenda sana," alisema Meneja, kwa ile sauti ambayo watu huitumia kumpa mfiwa pole. "Chukua kitambulisho chako. Zamu yako ni saa nane, na watu wa viwandani hawapendi kungoja."